Taa za mkanda ndani ya kabati la nguo: uzoefu wangu

Kabati letu la chumbani limejengewa ukutani na limeingia ndani karibu sentimita 60. Taa ya chumba iko katikati ya dari, kwa hiyo ukisimama mbele ya kabati unajizibia mwanga mwenyewe. Mume wangu hutoka saa kumi na moja alfajiri, na miaka yote alikuwa akitafuta shati kwa tochi ya simu ili asituamshe. Tukamwita fundi umeme atuwekee taa humo ndani.

Tulichoweka ni mkanda wa LED wa volti 12, wenye taa 60 kwa kila mita. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni mahali fundi alipoupachika. Ukiweka taa juu peke yake, rafu ya kwanza inameza mwanga wote, na chini kunabaki giza lilelile. Yeye aliusimamisha mkanda kwenye mbao za mbele, kushoto na kulia, nyuma tu ya fremu ya mlango, ukitazama ndani. Mwanga unapita mbele ya nguo zilizotundikwa na kufika kwenye kila rafu, na haukupigi machoni. Kama fundi wako anataka kuubandika juu tu kwa sababu ni haraka, mkatalie.

Rangi ya mwanga niliisimamia mwenyewe dukani Kariakoo. Muuzaji atakuuliza "wom au waiti?", yaani mwanga wa njano au mweupe, na wengi huishia hapo. Mimi nilichukua ya katikati, kelvini 4000 (kelvini ndicho kipimo cha rangi ya mwanga), maana ile ya 6500 ina ubluu na ile ya 3000 inafanya nguo nyeupe ionekane imechakaa. Halafu angalia CRI kwenye pakiti, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi ya kitu. Nilitafuta ya 90 na nikaipata, kwa bei ya juu kidogo. Sasa suruali nyeusi na ya bluu iliyokolea nazitofautisha papo hapo bila kuzipeleka dirishani, na kitenge naona kinaendana na blauzi ipi. Kwangu hilo peke yake limelipa gharama.

Mkanda wetu unakula wati 4.8 kwa mita, na tumetumia mita 4, yaani kama wati 19. Duka moja lilitaka kunipa adapta, kile kifaa kinachoshusha umeme wa nyumba hadi volti 12, ya ampea 1, ambayo ni wati 12 tu! Ingezidiwa na kuchemka. Fundi akachukua ya ampea 3, akaiweka juu ya kabati kwa nje, inapopata hewa, mbali na nguo. Mkanda wenyewe umelazwa ndani ya reli ya alumini yenye kifuniko cheupe, na reli imefungwa kwa skrubu. Usitegemee gundi ya nyuma ya mkanda kwa joto la Dar es Salaam. Baada ya muda inaachia. Reli pia inapunguza joto la taa, na kifuniko kinautandaza mwanga usionekane vidoti vidoti.

Swichi ni ya mlango: ukifungua zinawaka, ukifunga zinazima. Luku haijashtuka. Hata zikiwaka saa nzima kila siku, kwa mwezi hazifikishi uniti moja. Vifaa vyote, ukiacha ufundi, havikufika shilingi 90,000.

Kabati la watoto tumeliwekea zile taa ndogo za kuchaji zenye sensa, zinazonaswa kwa sumaku. Hazihitaji fundi wala kutoboa ukuta, na umeme ukikatika zinaendelea kuwaka, jambo ambalo mkanda wetu hauwezi. Mpangaji ningemshauri achukue hizo. Ila sensa inafuata mwendo: ukitulia kukunja nguo taa inazima, inabidi upunge mkono, na kukumbuka kuzichaji ni kazi ya mtu mzima. Kwa kabati linalofunguliwa asubuhi na jioni, mkanda wenye swichi ya mlango ni bora zaidi.

Bado kuna kona moja siridhiki nayo. Magauni marefu na kanzu vinaziba mwanga usifike kwenye viatu chini. Kipande cha mkanda kilichobaki, kama mita moja, nimekitunza, na wati 5 za ziada adapta inazimudu. Fundi atakipachika chini ya rafu ya viatu.