Makumbusho ya Mabasi ya Sydney: nilifuata mabasi, nikashangaa jengo

Kama utaenda, nenda siku ambayo lile basi kuukuu la ghorofa linabeba wageni kutoka jengo la Queen Victoria, katikati ya Sydney, hadi Leichhardt, yalipo makumbusho. Panda juu, ukae mbele. Injini inatetemesha kiti mpaka magoti yanawasha, na kwenye kona unajikuta umeshika chuma bila kuambiwa.

Mabasi yenyewe yanang'aa, sina neno. Ila kilichoniweka pale muda mrefu ni banda lenyewe, maana lilijengwa kuwa depo ya tramu, yale magari ya abiria yanayopita kwenye reli za barabarani; mabasi yamerithi tu, tramu zilipoondolewa humo mwaka 1958. Tramu za Sydney ziliendeshwa kutoka upande wowote. Dereva akifika mwisho anahamia nyuma, nyuma inageuka mbele, anarudi alikotoka. Kwa hiyo hakuna aliyehangaika kuacha nafasi ya kugeuzia. Tena chombo cha reli hakiyumbi, ndiyo maana magari yalilazwa ubavu kwa ubavu. Halafu siku moja unaambiwa uingize humo basi lenye usukani! Nilisimama kati ya mabasi mawili nikawahurumia madereva wa zamu ya usiku. Inua macho pia: paa lina meno kama msumeno, ili mwanga wa mchana uingie hadi katikati.

Mzee mmoja anayejitolea pale alinisimulia habari za makondakta wa zile tramu zilizokuwa wazi ubavuni. Walidai nauli wakitembea nje, juu ya ubao mwembamba, tramu ikiwa mwendoni. Mzee akaniigizia, akisogea hatua kwa hatua kando ya basi, mkono mmoja umeshika, mwingine unatoa tiketi ya kufikirika. Makondakta wengi waliumia, wengine walikufa.

Mwaka 1945 tramu za Sydney zilibeba abiria zaidi ya milioni 400. Baada ya hapo magari binafsi yakajaa barabarani, reli zikachakaa, serikali ikaona basi ni nafuu. Tramu ya mwisho jijini ilielekea kitongoji cha La Perouse tarehe 25 Februari 1961. Mimi naona walifanya haraka mno.

Basi lilinirudisha palepale Queen Victoria. Nikazunguka jengo hadi upande wa pili, mtaa wa George, ambako tramu zilirudishwa Desemba 2019. Nikasubiri dakika chache, nikapanda.