Uyoga mkavu wa Nakasero na Owino: joto linaloutunza na joto linaloumaliza

Anayenunua uyoga mkavu kwenye masoko ya Nakasero na Owino mjini Kampala hukutana na aina mbili kuu. Kuna mamama, unaolimwa kwenye mifuko ya maganda ya pamba, kisha ukakaushwa na kufungwa kwenye pakiti. Na kuna obutiko obubaala, ule mdogo mweupe unaochipuka kwa wingi penye vichuguu mvua zikianza, unaouzwa kwa mafungu. Zote mbili zinafaa kuliwa, lakini ubora wake hauamuliwi jikoni kwako. Uliamuliwa siku uyoga ulipokaushwa.

Mamama mbichi ni maji kwa sehemu tisa kati ya kumi, kwa hiyo kilo 10 hutoa takriban kilo 1 ya mkavu. Kuyatoa maji hayo kunataka joto la nyuzi 50 hadi 60 na hewa inayopita. Likizidi hapo mapema, ngozi ya juu hukauka na kuwa ngumu huku unyevu umefungiwa ndani. Pakiti inaonekana nzuri dukani, na baada ya wiki chache inatoa ukungu. Likipungua sana, uyoga unachacha kabla ya kukauka. Kwa hiyo usinunue kwa macho tu. Bonyeza pakiti: kipande kikavu kweli huvunjika kwa mlio, hakipindi kama ngozi ya kiatu. Rangi iwe ya krimu au kahawia hafifu. Kahawia iliyoiva ni dalili ya joto kupita kiasi, na harufu ya moshi inasema ulikaushwa juu ya makaa. Huo wa makaa hatuupendekezi hata ukiwa wa bei nafuu, maana moshi haufuliki na unafunika ladha yote ya mchuzi.

Uliokaushwa kwenye kikaushio cha jua ndio bora kwa usafi: vumbi na nzi hawaufikii. Una upungufu mmoja ambao wauzaji hawausemi. Uyoga hutengeneza vitamini D unapopigwa na miale ya urujuanimno, na kioo cha kikaushio huizuia sehemu kubwa ya miale inayohitajika. Dawa yake ni rahisi. Tandaza vipande kwenye sinia, mikunjo ya chini ya kofia ikitazama juu, uviache kwenye jua la saa sita mchana kwa nusu saa hadi saa moja. Hata uyoga uliokwisha kukauka bado unaitikia jua. Vitamini hiyo inastahimili upishi vizuri. Zinazopotea kwa urahisi ni zile za kundi B, ambazo huyeyuka na kwenda na maji. Ndiyo maana kumwaga maji ya kulowekea ni kutupa sehemu ya ulichonunua.

Obutiko obubaala kwa ladha unaushinda mamama waziwazi. Taabu yake ni mchanga. Vishina vyake vimetoka udongoni na vimekauka navyo, na ukiupika bila kuuosha vizuri utasikia kila tonge likikwaruza meno. Uoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne, kila mara ukiuinua kwa mkono na kuacha maji chini. Ukimimina vyote kwenye chujio, mchanga unarudi juu ya uyoga.

Kwa watu wanne, gramu 50 za mamama mkavu zinatosha. Loweka kwa nusu lita ya maji ya moto usioweza kuunguza mkono, dakika 25 hivi. Ukamue, chuja maji yake kwa kitambaa safi, uyaweke kando. Kisha weka uyoga kwenye sufuria yenye mafuta kidogo na moto mkali. Hautapata rangi wala harufu ya kukaangwa mpaka maji yaishe, kwa hiyo usiujaze sufuria, na chumvi iwe baadaye. Ukishapata rangi, rudisha yale maji, ongeza lita moja nyingine, koroga karanga zilizosagwa gramu 250, upunguze makaa ya sigiri. Mchuzi wa karanga unataka dakika 40 za moto mdogo mpaka mafuta yapande juu, na unashika chini ukiuacha bila kukoroga. Usiogope muda huo: kuta za uyoga zimejengwa kwa kitini, haziyeyuki kama majani ya dodo, yaani mchicha. Kampala maji huchemka karibu nyuzi 96, na Kabale chini zaidi, kwa hiyo huko juu ongeza dakika kumi.

Mamama usiliwe mbichi. Una protini zinazoweza kusumbua tumbo, na hizo huvunjwa na joto la kawaida la kupika. Lakini kutokana na ukweli huo watu wamejenga imani ya hatari, kwamba kila sumu ya uyoga inaisha ukichemsha vya kutosha. Haiishi. Sumu inayoua ini, ya uyoga wa jamii ya amanita, haivunjwi kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha, na dalili huanza saa 6 au zaidi baada ya kula, wakati sumu imekwisha kuingia mwilini. Sarafu ya fedha au kitunguu saumu ndani ya sufuria havigundui chochote. Fungu lenye uyoga uliochanganyika, hasa wenye pete shingoni na kikombe chini ya shina, liache hapohapo sokoni.

Kwa pakiti, chagua mamama wa kikaushio cha jua wenye tarehe ya kufungwa na alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Ukifika nyumbani uhamishie kwenye chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko, na ukiona jasho ndani ya chupa utoe siku hiyohiyo uukaushe tena.