Jeti ski Kigoma: chombo kitamu, mwenye chombo sasa...

Naanza na zuri maana sitaki mtu aseme nina chuki. Jeti ski, ile kama pikipiki ya majini, ni tamu jamani. Asubuhi Ziwa Tanganyika likiwa limetulia maji yako wazi unaona mpaka mawe ya chini, ukipiga resi ile kitu inaruka, shemeji yangu aliyekuja likizo kutoka Tabora yuko nyuma anapiga vigelegele, milima ya Kongo ng'ambo ile pale. Ungeniuliza muda ule ningekwambia uza kuku ukakodi.

Tulichukua ya kutwa nzima, hela ya maana, na juu yake dhamana ya laki moja, kitambulisho changu cha NIDA wakabaki nacho. Jina la sehemu silitaji.

Mchana upepo ukaanza, tukasema turudi. Tuko nje huko tumeshaipita Bangwe, injini ikaunguruma sana ila chombo hakiendi, mara ikazima kabisa. Kwa asiyejua, hizi hazina panga la nje kama boti zetu, zinanyonya maji kwa chini zinayatupa nyuma kwa nguvu, ndo unaenda, na bila resi hata usukani haukati kona. Ikizima wewe ni gogo tu, mawimbi yanakupeleka yanakotaka. Na hili sio bwawa, kina chake kinafika karibu mita 1,470, duniani linazidiwa na ziwa Baikal la Urusi peke yake. Shemeji hajui kuogelea.

Simu nilikuwa nayo kwenye kile kimfuko cha shingoni, nikampigia mwenye chombo. Anapokea nasikia vijiko vinagonga sahani. Nikamwambia bosi tumezimikiwa huku, upepo mkali, nina mtu hajui maji. "Subirini, boti haina mafuta." Nauliza mpaka saa ngapi, kakata. Napiga haipokelewi, napiga tena ndo akaniambia, "We mwanaume mzima unalia nini, si mmevaa majaketi?" Hilo neno mpaka leo linaniwasha kifuani.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mvuvi na kijana wake kwenye mtumbwi wa injini. "Poleni wanangu," akamvusha shemeji kwanza, anatetemeka mwili mzima. Kijana akazama na kisu chini ya jeti ski, akaibuka mkono umejaa nailoni ya kijani, kipande cha wavu kilichokuwa kinaelea kimenyonywa kikajizungusha kwenye lile panga la ndani, kimekaza haswa. Akazama tena na tena, nyingine ikagoma kutoka, wakatufunga kamba wakatukokota polepole mpaka ufukweni. Nikatoa hela, mzee akachukua ya mafuta tu.

Sasa tumefika. Mwenye chombo anakuja, pole hakuna, anazunguka jeti ski yake anatafuta mikwaruzo, halafu anamgeukia mzee: "Nani kakutuma ushike mali yangu? Nyie ndo mnatupa manyavu ziwani, utalipa wewe na huyu." Mzee wa watu ana mvi kichwa kizima, kalowa, ameshika ile nailoni amwonyeshe, akabaki anaangalia mchanga. Mimi baba yangu kavua dagaa Katonga, ada zangu zote zimetoka kwenye karabai, ile taa ya kuvulia usiku. Nilisikia damu inachemka, watu wakanishika.

Kitambulisho nilikipata baada ya mwenyekiti wa mtaa kuitwa. Laki yangu mpaka leo ni "njoo kesho", eti ya fundi.

Haki isemwe, yule kijana anayefundisha pale ufukweni ni mstaarabu sana, alituelekeza taratibu, akanifunga mwenyewe ile kamba ya mkononi inayozima injini ukianguka, akakaza majaketi yetu. Ningempa yeye nyota tano. Na chombo chenyewe sina neno nacho, wavu unanasa popote. Kwa hiyo nilitaka kuandika nendeni tu, ila kabla hujatoa hata mia mwambie akuonyeshe boti ya kuokolea watu ikiwa na mafuta ndani, akianza maneno ondoka.

Lakini kila nikiandika namwona yule mzee na nailoni yake mkononi. Hapana, nafuta hiyo. Msiende, hata akijaza mafuta boti kumi msiende, mpaka atakaposhuka mwaloni kwa miguu yake akamwombe radhi mbele ya wenzake.