Kiduka cha printi Moshi mjini: ya Banksy chukua ukiipenda, ila ile ya Desemba usiiache

Kuna kiduka cha fremu pale Moshi mjini, sio mbali na mnara wa saa, wengi wanapita wanadhani ni fremu za picha za mahafali tu kumbe ukiingia ndani kuna ukuta mzima wa printi za sanaa ya mtaani, zile zinazotuchana jinsi tunavyopenda kununua vitu. Nimetoka nazo mbili na nimeridhika sana, ila kuna mambo ya kujua kabla hujatoa hela.

Upande mmoja ni Banksy, yule msanii wa mtaani wa Uingereza. Ipo Trolleys, wale watu wa kale wanavizia toroli za supamaketi nyikani kama wanawinda, ilitoka 2006 kwenye maonyesho yake Los Angeles, na ipo Very Little Helps ya 2008, watoto wameweka mkono kifuani na bendera inayopandishwa ni mfuko wa Tesco, supamaketi ya kwao. Hapa hizi ni mabango ya kawaida, elfu thelathini bila fremu, karatasi nzito na rangi imetulia. Kilichonifurahisha dada anayeuza hakunizunguka, aliniambia "kaka hii ni ya kupendezesha ukuta, usije ukasema tulikuuzia original". Nasema hivi maana kuna mtu Arusha alitaka laki nane kwa bango hilohilo eti litapanda bei.

Litapandaje? Printi ya kweli ya Banksy ina idadi yake, mfano hiyo Very Little Helps zilizosainiwa ni 299, na inatakiwa iwe na cheti cha Pest Control, ndo ofisi yake ya kuthibitisha. Kile cheti kinabandikwa nusu ya noti ya paundi kumi ya bandia yenye sura ya Diana, imechanwa katikati ya namba iliyoandikwa kwa mkono, nusu nyingine wanabaki nayo wao, kwahiyo mtu akileta ubishi nusu zinakutanishwa. Hakuna cheti, hakuna bei ya mkusanyaji, hata picha iwe nzuri vipi. Na hawa wakusanyaji wako siriaz, ile Morons inayowacheka wanunuzi wa mnadani kuna watu waliinunua dola 95,000 wakaichoma moto Machi 2021 wakauza picha yake ya kidijitali kama dola 380,000. Mimi iliniuma, karatasi ya mtu kuteketezwa hivyo ili iwe bidhaa nyingine.

Sasa upande wa pili ndo sababu ya kuandika. Kuna kijana wa hapahapa anachapa kwa skrini, ileile ya fulana za kampeni, ila anapiga rangi moja baada ya nyingine kwa mkono. Yake moja ni safari ya Desemba: foleni ya magari inapanda Marangu, juu ya kila gari kumefungwa friji, sofa na tivii bapa, sehemu ya namba za gari kaandika MKOPO, na pembeni chini ya migomba bibi kashika kata ya mbege anasubiri na hakuna hata mmoja ndani ya gari anayemwangalia, wote wameinamia simu zinazodai marejesho. Nilisimama pale muda mrefu sana. Mtu aliyekulia huku hahitaji kuelezwa, tunawajua waliorudi Dar Januari na kausha damu inawasubiri mlangoni, na tunawajua hao mabibi.

Zimechapwa arobaini tu, kila moja ina namba na sahihi ya penseli chini, na kijana anasema skrini ameshaiosha, yaani hachapi tena. Laki na ishirini. Wengine wataona ghali kwa karatasi, mimi naona ni bei ya haki kabisa. Sisemi itakutajirisha, ila Edward Tingatinga naye alianza Oyster Bay 1968 na rangi ya kung'aa kwenye mbao za hadibodi, akafa 1972, na leo zile alizochora kwa mkono wake zinatafutwa na wakusanyaji wakati kopi zimejaa kila soko la watalii. Wengi wetu tulizipita zikiwa rahisi.

Tatizo la duka ni fremu. Wamezoea kupiga gundi mgongo mzima wa picha kwenye MDF, zile mbao za unga, afu kioo kinagusa wino moja kwa moja. Kwa bango sawa tu, ila printi yenye namba ikishapigwa gundi thamani imekwenda, na huku kwetu unyevu wa masika karatasi inanasa kwenye kioo. Waambie wakushikizie kwa juu tu na waweke kadibodi ya pembeni isiyo na asidi, wanayo ila mpaka uulize, inaongezeka kama elfu kumi na tano. Lipa namba ipo, Jumapili wamefunga, na kama unasafiri na basi omba bomba la plastiki, la karatasi linaminyika kwenye buti.