Nilisema oili, wakapiga grisi: uzoefu wangu na gereji ya magari ya zamani

Niseme mapema kwamba hasira bado ninayo, mtanivumilia. Gereji hii inajitangaza kuwa inashughulika na magari ya zamani, na ndiyo sababu niliwapelekea Triumph Herald yangu, gari dogo la Kiingereza la miaka ya 60. Nilitaka sasipensheni ya mbele ifanyiwe matengenezo yote: bushi, shokapu, boljointi za juu (viungo vya tufe), na zaidi ya yote kiungo cha chini. Mwenye Herald, au ndugu zake Vitesse na Spitfire, ameshanielewa.

Kwa asiyejua, magari haya juu yana boljointi ya kawaida, lakini chini hayana. Chini kuna chuma cha wima kinachobeba gurudumu, chenye uzi kama wa boliti, kimezamishwa ndani ya kipande cha shaba kinachoitwa tranioni. Ukizungusha usukani, chuma kinazunguka ndani ya uzi huo. Springi nayo imeegemea mkono wa chini wa sasipensheni, kwa hiyo uzito wa mbele unapita hapo hapo penye uzi. Kitabu cha gari kinasema waziwazi kiwekwe oili nzito ya gia, namba 90. Hakisemi grisi. Oili unaipampu mpaka uione ikichuruzika kwa juu, ndipo unajua imefika kote. Grisi haifiki. Inabaki chini, inakauka, maji yanapenya kwa juu, na kutu inakula chuma mahali usipoweza kupaona.

Haya yote nilimweleza fundi mkuu kwa adabu kabla hajashika spana. Hakuniangalia hata usoni. "Mzee, kiungo ni kiungo, kinapigwa grisi." Nikamfungulia kitabu ukurasa wenyewe. Akaufunika kwa kiganja kilichojaa mafuta, akakifunga kitabu na kunirudishia, wateja wengine wakitazama, huku akisema ametengeneza Morris Minor nyingi, gari jingine la zamani la Kiingereza, na zote alizipiga grisi. Alama ya dole gumba lake ipo kwenye ukurasa ule mpaka leo.

Kuhusu Morris Minor sina ubishi naye. Ile nayo ina viungo vya uzi, na kitabu chake kinataka grisi, tena mara kwa mara. Lakini Minor ni Minor na Herald ni Herald! Fundi anayejiita wa magari ya zamani akishindwa kutofautisha hayo mawili, anatofautisha nini? Nilimbana mpaka akasema, "Haya, tutaweka oili." Nilimwamini, maana mtu mzima akikupa neno lake unaondoka.

Sasa niwatendee haki. Gari liliporudi lilikuwa jepesi ajabu. Usukani ulikuwa unakwenda kwa kidole, na kule kugonga kwa mbele kwenye mashimo kulikuwa kumekwisha. Na kuna kijana pale, fundi mdogo, ambaye nilimwona kwa macho yangu akifunga boliti za mikono ya sasipensheni. Hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Alizishika tu kidogo, akalishusha, akalitikisa mbele likae kwenye mkao wake, ndipo akakaza. Wengi hawajui hilo. Ukikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira wa bushi unabaki umejipinda siku zote na unachanika mapema. Yule kijana anaijua kazi. Siku ile ningeulizwa, ningewapa nyota zote.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa naegesha. Herald inasifika kwa kukata kona, inageuka kwenye duara la kama mita 7.6 tu, maana magurudumu yanalala kupita kiasi. Nimekata usukani mpaka mwisho, narudi nyuma taratibu, nikasikia mlio mkavu, na upande wa kushoto ukaanguka chini. Gurudumu lilikuwa limelala ndani ya madigadi. Chuma cha wima kimekatika kwenye uzi, pale pale. Watoto wangu walikuwa kiti cha nyuma. Dakika chache kabla tulikuwa barabara kuu. Sitaki kuendelea na wazo hilo.

Nikawapigia. Fundi mkuu akasema chuma kimezeeka, gari lenyewe la miaka ya 60, nilitegemea nini? Nikampelekea kipande. Nilikifungua mezani kwake, na nikamwonya kwamba uzi wa upande mmoja ni wa kinyume, maana alianza kuuzungusha ovyo. Ndani kulikuwa na grisi, imeganda chini kama sabuni ya mche. Sehemu ya juu ya uzi haikuwa na hata tone la kilainishi, ilikuwa kutu tupu, nyekundu, na kwenye mkato ulionekana ufa wa zamani uliokwishaingia kutu na kipande kidogo king'avu kilichokuwa kimebaki kushika.

Ufa ule, nakiri, haukuanza kwao. Ulikuwepo. Lakini ndio hasa niliowalipa kuutafuta! Kama wangefungua tranioni, wakaiosha kwa mafuta ya taa na kuutazama uzi kwa tochi, wangeuona. Hawakufungua. Walipachika pampu, wakajaza, wakaniambia ni oili. Upande wa kulia niliufungua mwenyewe na hadithi ni hiyo hiyo, grisi mpya juu ya grisi kavu. Vyuma vyote viwili nimebadilisha.

Kwa hiyo niwaambieje? Kwa bushi na shokapu, mwombeni yule kijana, na simameni hapo hapo mkitazama. Kwa tranioni, msikubali mtu aziguse bila kuwaonyesha uzi ukiwa mtupu mkononi, na oili ikitoka kwa juu. Nilikuwa nimeandika nyota tatu. Nikiukumbuka ule mlio, nikikumbuka na watoto, naona tatu ni nyingi mno, ni mbili, na zote ni za kijana. Fundi mkuu hana hata moja.

Nimewaomba gharama za chuma cha kushoto tu, cha kulia nimesamehe. Wanasema wanasubiri kuzungumza na mwenye gereji. Wakilipa na yule bwana akaniomba radhi, nitarudi kurekebisha maneno haya. Akirudia kuniambia gari limezeeka, nitaweka hapa picha ya uzi ule.