Waliipaka gundi, kisha wakaniambia "ni nakala tu"

Si kawaida yangu kulalamikia maduka, lakini hili limenikaa kooni.

Mwaka juzi hivi, nikiwa Amsterdam, nilinunua nakala ya zamani ya picha ambayo Rembrandt, yule mchoraji Mholanzi, alijichora mwaka 1639, ile ameegemeza mkono kwenye ukingo wa jiwe, kofia imelala upande, nywele hadi mabegani. Muuzaji hakunidanganya. Alisema ni nakala, na bei ilikuwa ya nakala. Nami nilishaijua, maana imegeuka, inaangalia upande wa pili wa ile ya Rembrandt. Siku hiyohiyo nilikuwa nimetoka Jodenbreestraat, kwenye nyumba aliyoinunua Rembrandt mwaka huohuo wa 1639, ambako wanakuonyesha bamba la shaba likipakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Kilicho kulia kinatokea kushoto. Aliyenakili aliikwaruza kwa sindano kwenye nta iliyofunika bamba kama alivyoiona, ndipo uso ukaangalia upande wa pili. Hicho ndicho nilichokipendea! Kuna mtu alikaa akafuata unywele mmoja mmoja kwa jicho lake.

Nikawaachia duka hili picha wabadilishe kioo cha fremu. Kioo tu.

Nilipoifungua nyumbani, karatasi yote ilikuwa imegandishwa kwenye kadibodi. Awali ilishikiliwa juu kwa vipande viwili vya karatasi, ungeweza kuifunua. Nyuma palikuwa na mwandiko wa penseli wa mwenyewe wa zamani, sasa umezikwa. Na lile bonde jembamba linaloachwa na kingo za bamba, nililokuwa nikilipapasa kwa kidole, limelainishwa kabisa.

Nilirudi. Mwenye duka, mzee mzima, hata miwani hakuivua. "Ni nakala tu. Kwani hii ya Rembrandt?" Akageukia mteja mwingine.

Tu! Mkono uliotoboa nta, ukasubiri asidi itafune mistari kwenye shaba, unaitwa "tu"?

Msiende pale. Au nendeni mkanunue, picha zao ni nzuri kweli na yule kijana wa kaunta alinifungulia makabati yote bila kuchoka, ila msiwaachie kitu hata kwa dakika tano. Nilitaka kuwapa nyota mbili kwa ajili yake. Tena jana usiku nimeiwashia taa ya pembeni, mistari ya zile nywele bado inapumua, nikasema basi, tatu. Halafu nikaona doa la manjano limeanza kupenya karibu na bega, pale gundi ilipozidi.

Moja. Na hiyo moja ni ya kijana.