Kantata za Bach za Harnoncourt na Leonhardt: usianze na CD ya kwanza

Kasha hili la CD 60 lina kantata (kazi za waimbaji na okestra) za kanisa za Johann Sebastian Bach, zilizorekodiwa kwa karibu miaka 20 kuanzia 1971 kwa ajili ya kampuni ya rekodi ya Teldec. Nikolaus Harnoncourt wa Vienna na Gustav Leonhardt wa Amsterdam waligawana kazi ya kuongoza. Mwaka 1980, kabla hawajamaliza, walipewa kwa pamoja Tuzo ya Erasmus.

Nambari za BWV, yaani za orodha ya kazi za Bach, hazifuati mpangilio wa utunzi, ila mradi ulizifuata. Matokeo yake BWV 1 ndiyo yenye mikwaruzo mingi. Harnoncourt alikuwa ameacha kupiga cello katika okestra ya Wiener Symphoniker mwaka 1969 tu, na wapigaji wa Concentus Musicus, kundi aliloliunda 1953, walikuwa bado wanapambana na vyombo vya aina ya enzi za Bach. Sikiliza mabaragumu mawili ya BWV 1: hayana vali (vitufe vya kubadili nota), na harmoniki ya 11, mojawapo ya nota za asili za bomba, huangukia kati ya fa na fi (fa iliyopandishwa nusu). Mpigaji huirekebisha kwa midomo au kwa mkono ndani ya tundu pana la mwisho wa chombo. Akichelewa kidogo, imeshaharibika. Nyuzi za utumbo nazo hubadilika sauti kwa joto na unyevu. Ruka hadi BWV 100 na kuendelea, ndipo urudi nyuma.

Sauti ya kwanza (soprano) huimbwa na wavulana, kama kwa Bach mwenyewe kule Leipzig. Wengine ni hodari, wengine pumzi inakatika katikati ya arya (wimbo wa mwimbaji mmoja) ndefu. Kwa BWV 51, yenye do ya juu, Leonhardt alimchukua mwanamke, Marianne Kweksilber. Kwa sauti ya tenor, ya juu ya wanaume, Kurt Equiluz anatosha kuwa sababu ya kununua: kila neno la Kijerumani linasikika.

Kuna wanaolalamika kwamba akodi za resitativo, sehemu zinazoimbwa kama mazungumzo, zimekatwa fupi mno. Hapo Harnoncourt ana hoja: katika karatasi za wapigaji wa besi za Mateso ya Mathayo, kazi nyingine ya Bach, za 1736, Bach aliandika robo nota na kimya, ingawa partitura (nota za sauti zote pamoja) ina nota ndefu. Kisichovumilika ni jinsi anavyolikandamiza pigo la kwanza la kila kipimo, hasa kwenye nyimbo za kwaya. Leonhardt ni mtulivu zaidi. BWV 106 yake, yenye rekoda mbili na viola da gamba mbili bila fidla hata moja, ndiyo ya kuanza nayo.